Karatasi mbili za kipimo cha mapafu, majibu mawili tofauti: baba ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa) au hana?

Shikamoo dokta,

Naomba unisaidie maana hapa nyumbani tumegawanyika kabisa. Baba yangu ana miaka 71, alivuta sigara miaka 30 hivi, pakiti moja kwa siku, akaja kuacha miaka sita iliyopita na tangu hapo hajagusa tena. Shida yake ni kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, kinakuja karibu kila siku na huu sasa ni mwaka wa tatu, alafu akipanda ngazi lazima asimame katikati ahemee kwanza ndo aendelee, ukimuuliza anasema ni uzee tu. Makohozi walishapima TB, hakuna kitu.

Hospitali ya kwanza walimpulizisha kwenye kile kimashine. Alipuliza mara tatu, mara mbili za mwisho akawa anakohoa katikati, na kijana aliyekuwa anampima alikuwa na foleni ndefu akasema basi mzee inatosha. Karatasi ikatoka hivi, naandika kama ilivyo: FVC 3.02, 2.61, 2.44, FEV1 iliyo juu kuliko zote 1.98, uwiano 0.66, FEV1 ni asilimia 71 ya 2.80 inayotarajiwa. Pembeni kuna herufi E, mimi nilidhani ni aina ya mashine. Chini kumeandikwa kizuizi cha wastani, alafu "umri wa mapafu: 88". Dokta akaangalia akasema mzee una COPD daraja la pili, akampa inhela ya kuvuta asubuhi na jioni yenye dawa mbili ndani, moja ya kupanua njia za hewa na nyingine steroidi ya kutuliza uvimbe ndani yake. Kilichomuumiza baba kuliko vyote ni hiyo 88. Anasema mapafu yake yameshatangulia, hali vizuri, halali vizuri.

Kaka yangu hakuridhika, baada ya mwezi na kitu akampeleka sehemu nyingine. Huko walimrudisha rudisha kupuliza mpaka mpimaji akaridhika, wakampa dawa mipulizo minne kupitia kile kichupa cha plastiki, akakaa dakika 15, akapuliza tena. Kabla ya dawa FVC 3.15, FEV1 2.11, uwiano 0.67. Baada ya dawa FVC 3.22, FEV1 2.20, uwiano 0.68, na FEV1 ni asilimia 86 ya 2.55 inayotarajiwa. Kuna sehemu imeandikwa z ya uwiano -1.2, na pembeni safari hii kuna herufi A. Dokta huyu akasema kwa umri wa mzee hii ni kawaida, hana COPD, apunguze wasiwasi. Niseme tu kwamba asubuhi ile baba alikuwa ameshavuta inhela yake kama siku zote, hakuna aliyetuambia asivute.

Sasa kaka anasema inhela itupwe, yule dokta wa kwanza alitaka kuuza dawa tu. Mama anasema mzee aendelee maana kikohozi kipo palepale. Mimi nimeshika karatasi zote mbili sielewi hata moja. Nani kasema kweli? Na hii ya kutarajiwa inabadilikaje kutoka 2.80 mpaka 2.55 wakati baba ni yuleyule, urefu wake uleule sentimita 168? Aache dawa? Na hiyo 88 nimwambie nini?

Binti wa Mzee

JIBU

Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani. Umefanya jambo kubwa kunakili namba zote pamoja na zile herufi za pembeni ambazo wengi wanaziruka, maana jibu la nusu ya maswali yako limejificha kwenye hizo herufi.

Nianze na karatasi ya kwanza. Hiyo E sio aina ya mashine, ni daraja la ubora wa kipimo, yaani mashine inakwambia hizi namba zisiaminiwe sana. Kipimo hiki kinategemea mtu apulize kwa nguvu zake zote, kuanzia sekunde ya kwanza bila kusitasita mpaka pumzi iishe kabisa, na arudie mpaka apate angalau mipulizo mitatu mizuri ambayo miwili bora inakaribiana, tofauti yake isizidi mililita 150 kwa FVC (hewa yote anayoitoa) na vilevile kwa FEV1 (ile ya sekunde ya kwanza). Kama haijafika anarudia, kwa mtu mzima mpaka kama mara nane hivi. Sasa angalia za baba, FVC 3.02 na inayofuata 2.61, hapo pana tofauti ya mililita 410, mapafu ya mtu hayabadiliki hivyo ndani ya dakika mbili, kilichobadilika ni jinsi alivyopuliza. Alikuwa anakohoa, na kikohozi kikiingia kwenye ile sekunde ya kwanza kinaiharibu FEV1 yote. Simlaumu yule kijana peke yake, foleni ni foleni, lakini mtu wa miaka 71 anayekohoa anahitaji kukalishwa, kupewa maji, kupumzishwa, alafu kurudia. Karatasi yenye E haitoshi kumpa mtu jina la ugonjwa atakaoishi nao maisha yake yote, na wala haitoshi kumwambia hana.

Kuna la pili kwenye karatasi hiyo hiyo. Alipimwa bila kupewa dawa ya kupanua njia za hewa. COPD inathibitishwa kwa namba za baada ya dawa, kwa kawaida mikrogramu 400 za salbutamoli, ndo hiyo mipulizo minne uliyoiona, alafu kusubiri dakika 10 mpaka 15. Sababu ni kwamba tunatafuta kizuizi kisichoondoka. Mtu wa pumu anaweza kuwa amebanwa kabla ya dawa na baada ya dawa akafunguka kabisa, huyo ukimpima mara moja tu ukampa jina la COPD umemkosea. Kabla ya dawa uwiano ukiwa mzuri mara nyingi unatosha kusema hapa COPD haipo, ila ukiwa mbaya bado hautoshi kusema ipo.

Sasa tuje kwenye namba zenyewe, nitaenda taratibu ili na kaka asome. FVC ni hewa yote uliyoweza kuitoa kwa nguvu baada ya kujaza kifua mpaka mwisho. FEV1 ni sehemu ya hewa hiyo iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Uwiano ni FEV1 ugawanye kwa FVC. Fikiria chupa ya maji, FVC ni ukubwa wa chupa na uwiano unakuonyesha shingo ya chupa ni pana au nyembamba. Ugonjwa unaobana njia za hewa, kama COPD na pumu, unafanya shingo iwe nyembamba, hewa ipo ila inatoka kwa kujivuta, kwahiyo uwiano unashuka. Magonjwa yanayofanya mapafu yenyewe yawe magumu au madogo, makovu kwa mfano, yanashusha FVC na FEV1 zote pamoja na uwiano unabaki wa kawaida au hata unapanda. Ndo maana FEV1 ikiwa chini peke yake haikwambii ugonjwa ni upi, lazima uanze na uwiano. Na hata hilo la pili, la mapafu madogo, spirometri, yaani hiki kipimo cha kupuliza, inalihisi tu, uthibitisho unataka kipimo cha ujazo wote wa mapafu, maana spirometri haiwezi kupima hewa inayobaki ndani baada ya kupuliza.

Hapo hapo kuna mtego ambao nauona mara nyingi. Mtu akikatisha kupuliza mapema, FVC inatoka ndogo kuliko ukweli, na ukigawanya FEV1 kwa namba iliyopungua uwiano unapanda, kizuizi kinajificha. Wenye COPD hasa wanachukua muda mrefu kutoa hewa ya mwisho, wengine wanapita sekunde 10, na mpimaji akisema inatosha kwenye sekunde ya nne ugonjwa unapotea kwenye karatasi. Kwahiyo kipimo kibovu kinaweza kukudanganya kwa pande zote mbili, msidhani kila kosa linaelekea kwenye kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao.

Swali lako la 2.80 na 2.55 ni zuri sana. Ile "inayotarajiwa" haikupimwa kwa baba, imekokotolewa kutokana na watu wengine wenye afya wa umri wake, urefu wake na jinsia yake, na kila mashine inaweza kuwa na fomula tofauti ndani yake. Zipo za zamani, zipo za mwaka 2012 za mpango wa kimataifa unaoitwa GLI, na ipo ya karibuni ya GLI inayotumika kwa watu wote bila kuwagawa kwa rangi au asili. Kwa miaka mingi mashine zilikuwa zinamuuliza mpimaji asili ya mtu, na kwa mtu mweusi kinachotarajiwa kilikuwa kinapunguzwa kwa asilimia 10 mpaka 15 hivi. Jambo hilo limeumiza watu, maana mapafu yaliyoharibika yalionekana ya kawaida kwa sababu tu kipimo cha kulinganishia kilishushwa. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kikatoa tamko la kuacha mgawanyo huo.

Angalia inavyomgusa baba. Namba ya karatasi ya pili, 2.20, ukiilinganisha na 2.55 ni asilimia 86, ukiilinganisha na 2.80 ya mashine ya kwanza ni asilimia 79. Madaraja ya GOLD, ule mpango wa kimataifa wa kupambana na COPD, yanakatwa kwa asilimia ya FEV1: 80 na kuendelea ni daraja la 1, 50 mpaka 79 la 2, 30 mpaka 49 la 3, chini ya 30 la 4. Kwahiyo mapafu yaleyale, mpulizo uleule, mashine moja inasema daraja la 1 na nyingine daraja la 2! Kwa sababu hiyo baba asije akahesabu kwamba alitoka 71 akapanda mpaka 86, hakupanda hivyo. Ukitaka kulinganisha tarehe mbili linganisha lita na lita, 1.98 na 2.11 za kabla ya dawa, na hata hapo ya kwanza ilikuwa mbovu na ya pili alikuwa tayari ana dawa mwilini. Siku zote ombeni mzee apimwe kwa mashine ileile, au angalau fomula ileile, na karatasi za zamani msizitupe.

Haya, sasa ndo penyewe. Karatasi ya pili ina A, alipuliza vizuri, dawa alipewa, uwiano baada ya dawa ni 0.68. Madokta wawili wangeweza kuishika karatasi hii moja wakatoa majibu mawili na wote wakawa wanafuata mwongozo. GOLD wanasema baada ya dawa uwiano ukiwa chini ya 0.70, kwa mtu mwenye dalili au aliyepitia vitu vinavyoharibu mapafu, hiyo ni COPD, na mstari huo ni mmoja kwa umri wote. Vyama vya madaktari wa mapafu vya Ulaya na Marekani kwenye mwongozo wao wa 2022 wanasema hapana, uwiano unashuka wenyewe kadiri mtu anavyozeeka hata kama hajawahi kuvuta, kwahiyo mlinganishe na watu wa umri wake, na mstari wao uko kwenye z (namba inayoonyesha mtu yuko mbali kiasi gani na wastani wa wenzake wenye afya) ya -1.645, chini ya hapo wanabaki watu 5 tu kati ya 100 wenye afya. Baba ana -1.2, kwahiyo kwa hawa yuko ndani ya kawaida.

Kila upande una hoja ya kweli. Mstari wa 0.70 unawakamata wazee wengi wasio na ugonjwa na kuwaacha vijana wenye ugonjwa, binti wa miaka 25 mwenye uwiano wa 0.73 ataambiwa uko sawa kabisa wakati kwa umri wake hayuko sawa hata kidogo. Upande wa pili, utafiti mmoja uliochapishwa kwenye jarida la JAMA mwaka 2019, uliofuatilia watu zaidi ya 24,000, ulikuta mstari wa 0.70 unatabiri nani atakuja kulazwa au kufa kwa COPD vizuri sawa au zaidi ya mistari mingine. Kwahiyo mtu asikwambie mstari mmoja ni wa kijinga.

Nakupa maoni yangu mimi. Kama baba angekuwa hajawahi kuvuta, hakohoi, anapanda ngazi bila shida, na amepimwa kwa sababu tu kulikuwa na zoezi la kupima watu, ningesema hiyo 0.68 na z ya -1.2 ni ya umri, aende zake nyumbani. Lakini baba sio huyo. Baba ana miaka 30 ya pakiti moja kila siku, ana makohozi ya kila asubuhi kwa mwaka wa tatu, na kikohozi chenye makohozi kwa miezi mitatu kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, ndo hasa maelezo ya bronkaitisi sugu, na anasimama katikati ya ngazi. Mtu huyo ukimwambia ni kawaida kwa umri wako umeangalia karatasi ukamuacha mtu. Kwangu mimi huyu anahesabika ana COPD ya awali mpaka ithibitike vinginevyo, na neno "ithibitike" nalimaanisha, kwa sababu hata GOLD wenyewe wanasema uwiano wa baada ya dawa ukiwa kati ya 0.60 na 0.80 kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kukata shauri, maana kwenye eneo hilo namba inaweza kuvuka mstari yenyewe tu. Ingekuwa 0.52 nisingekuwa na haja ya kusubiri.

Kwahiyo nani kasema kweli? Dokta wa kwanza anaweza kuwa amefika mahali sahihi kwa karatasi isiyofaa. Wa pili alikuwa na karatasi nzuri ila hakumalizia, alijibu swali la uwiano akaacha swali la kwanini mzee anahema. Hata kama mtu hana COPD, kuhema kuna sababu, na kwa umri huo sababu inaweza kuwa moyo, inaweza kuwa damu kupungua, inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa kitu kingine kwenye mapafu ambacho spirometri haikioni kabisa.

Na hapa ndo niseme kuhusu ile inhela ya asubuhi. Wengi wanauliza dawa ilimbadilisha kiasi gani, kama amefunguka sana basi tufikirie pumu. Baba alitoka 2.11 akafika 2.20, ongezeko la mililita 90, ni kama asilimia 4. Kigezo cha zamani kilikuwa asilimia 12 pamoja na mililita 200, kipya ni zaidi ya asilimia 10 ya kile kinachotarajiwa, kwa vyovyote hajafika. Lakini alikuwa ameshavuta dawa ya kupanua ya muda mrefu asubuhi, njia zilikuwa zimeshafunguliwa, hiyo mipulizo minne ingefungua nini tena? Kwahiyo kile kipengele cha mabadiliko kisihesabiwe, hakiwezi kuikana pumu. Ile 0.68 ya baada ya dawa yenyewe bado ni halali, maana ndivyo tunavyotaka, njia ziwe zimefunguliwa kadiri inavyowezekana.

Akirudia, muulizeni dokta mapema asimamishe nini na kwa muda gani. Kwa kawaida ile ya haraka ya salbutamoli inaachwa masaa 4 mpaka 6, zile za kuvuta mara mbili kwa siku masaa 24, za mara moja kwa siku zaidi ya hapo, ila mkishindwa kwa sababu amebanwa mpeni dawa yake, kipimo kitasubiri. Asivute wala kukaa kwenye moshi saa nzima kabla, asivae nguo inayombana kifua au tumbo, asifanye mazoezi mazito saa hiyo. Kama ametoka kupata shambulio la moyo, amepasuliwa macho karibuni au anakohoa damu, mwambieni mpimaji kabla hajapuliza chochote. Na muacheni apumzike kati ya mpulizo na mpulizo, mzee anayekohoa akiharakishwa mtapata E nyingine.

Zaidi ya kurudia spirometri ningependa afanyiwe kipimo cha DLCO, kinapima jinsi gesi inavyopita kutoka kwenye mapafu kuingia kwenye damu, kwa sababu kuna wavutaji ambao uwiano wao uko karibu na kawaida ila vifuko vya hewa vimeshaharibika, emfisema, na hapo DLCO inashuka. CT skani ya kifua nayo, kama inapatikana, na sio kwa ajili ya emfisema tu. Mtu wa miaka 71 mwenye historia hiyo ya sigara na aliyeacha miaka sita tu iliyopita ni mtu ambaye miongozo mingi ingetaka aangaliwe saratani ya mapafu hata kama hahemi. Sikutishi mwanangu, nakwambia kwa sababu hiki ndicho kitu ambacho ugomvi wa 0.68 unaweza kukifanya kisahaulike. Akianza kukohoa damu au kupungua uzito bila sababu msisubiri miadi. Pia aangaliwe moyo na apimwe wingi wa damu, na kwenye kipimo hicho cha damu muombeni dokta aangalie chembe zinazoitwa eosinofili.

Hizo eosinofili zinanipeleka kwenye inhela. Kwa COPD dawa ya kuanzia mara nyingi ni za kupanua njia za hewa, moja au mbili pamoja, na steroidi inaongezwa kwa wanaopata mashambulizi ya mara kwa mara, hasa wenye eosinofili 300 na kuendelea kwa kila mikrolita ya damu, au wenye pumu ndani yake. Kwa wengine steroidi ya kuvuta inaongeza uwezekano wa nimonia bila faida ya maana. Kwahiyo swali la kumpelekea dokta sio "tuendelee au tutupe," swali ni "hii steroidi amepewa kwa sababu gani?" Kama kuna pumu ndani yake steroidi ndo inayomlinda, na kuikata ghafla ni hatari. Ndo maana nakuomba umwambie kaka asiitupe. Aendelee kama alivyoandikiwa, asukutue mdomo na kutema kila akishavuta, mpaka mwenye karatasi zote mbili mbele yake aamue. Mwambie kaka pia hasira yake naielewa, ila mzee asije akawa uwanja wa hiyo hasira.

Kuhusu 88, mwambie baba hivi, na ukipenda msomee mwenyewe. Mzee wangu shikamoo. Hiyo namba haikupimwa, mashine ilichukua ile FEV1 ya 1.98, iliyotoka kwenye kile kipimo cha daraja E, ikauliza mtu mwenye afya wa urefu wako angekuwa na umri gani ndo apate FEV1 hiyo, ikaandika 88. Ilitungwa kuwasaidia wavutaji waache, na kuna utafiti wa Uingereza wa mwaka 2008 ulioonyesha kweli wanaoambiwa umri wa mapafu wanaacha zaidi. Wewe ulishaacha miaka sita iliyopita, kazi ya namba hiyo kwako ilishaisha. Haihesabu siku za kuishi, haijawahi kuhesabu. Kinachohesabika ni kwamba mapafu ya kila mtu mzima yanapungua kidogo kidogo kila mwaka, kama mililita 30 hivi za FEV1, kwa anayevuta yanaweza kupungua hata mara mbili ya hapo, na anayeacha anarudi kwenye ule mwendo wa taratibu wa wengine. Hizo miaka sita ulizookoa hazipo kwenye karatasi yoyote kati ya hizi mbili lakini zipo kifuani mwako.

Na wakati mnasubiri kipimo cha tatu mzee asikae kitandani. Kutembea kila siku, mpaka ahemee kidogo, apumzike, aendelee, kunamsaidia iwe ni COPD au sio, na kama kuna programu ya mazoezi ya wagonjwa wa mapafu mahali mlipo muombeeni nafasi, kwa wanaohema hiyo inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Chanjo ya mafua na ya nimonia amuulize dokta. Karatasi zote mbili ziweke kwenye bahasha moja pamoja na jina la inhela na tarehe aliyoanza, na siku ya miadi uingie naye ndani wewe mwenyewe, maana baba akiulizwa anajisikiaje atasema ni uzee tu, na wewe ndo unayejua kuhusu zile ngazi.